Mama wa Mapasa Mara Mbili

Byamungu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia unavyokoroma nyuma ya pazia. Mtu anayeweza kulala hivyo leo hana shida ya afya. Asubuhi kamio la Bukavu, lile lori la muhogo, litapiga honi pale barabarani, nawe utapanda na lile sanduku lako la karatasi. Nitakupa mkono bila kusema mengi, kwa sababu majirani zetu wa Rugenge wana masikio. Ndiyo maana naandika.

Kina mama wengine, mtoto akiondoka, humwandikia habari za sweta, za sabuni, za kuchemsha maji ya kunywa. Hayo sitayagusa. Umekuwa mkubwa, na sweta utakayoisahau utaisahau tu. Nina hasira nawe, na nataka uisome hasira yangu yote ukiwa umebanwa juu ya magunia ya muhogo, mahali ambapo huwezi kunijibu. Kila ukinijibu unanishinda kwa maneno, kisha mambo yanabaki yalivyokuwa.

Niseme kwanza lililo haki yako. Siku uliyofika na lile jarida la chuo kikuu, ukanionyesha jina la baba yako limechapwa pamoja na lako juu ya ukurasa, nililia. Marehemu alikuwa karani. Maisha yake yote aliandika majina ya watu wengine na hakuwahi kuona la kwake kwenye karatasi iliyochapwa. Nilichinja kuku, nikawaita wanawake wa kwaya, wakaligusa lile jarida kwa vidole walivyokwisha kuvifuta kwenye kitenge. Kama ungeishia pale, sasa hivi ningekuwa naandika habari za sweta.

Hukuishia pale. Ulisema profesa wako amekufundisha kwamba kazi ya msomi huanza siku maandishi yake yanapotoka, na kwamba makala isiyotembezwa hufa kabatini. Basi ukaanza kuitembeza. Nakala moja kwa pasta. Nyingine kwa mkuu wa shule. Nyingine kwa Mgiriki wa dukani, ambaye tangu nimfahamu hajasoma kitu kirefu kuliko bei. Nyingine ukaipeleka kambini kwa kapiteni wa jeshi, umeiandika kwa mkono wako "kwa heshima kubwa", ukarudi nyumbani unatabasamu kwa sababu alikupa bia. Nilikuuliza kapiteni ana kazi gani na habari za maji ya waasi. Ukanijibu: "Mama, huyu ndiye atasoma muzuri. Hii vita inamuangalia." Ni kweli vita vinamhusu, kuliko ulivyojua.

Hayo maji uliyoyaandika, wewe hukuyaona. Wale vijana walipoingia Uvira, uhuru bado ni mpya hata bendera haijapauka, ulikuwa shuleni mbali. Mimi nilikuwa hapa. Niliwaona wakipita na majani kichwani, wengine bado hawajaota ndevu, wakiamini kwamba wakimwagiwa maji yale risasi haitawaingia. Tuliwapigia makofi sote. Wengine walipiga kwa kupenda, wengine kwa kuogopa, na waasi walipokimbilia milimani, jeshi likarudi, hakuna aliyeulizwa alipiga makofi kwa sababu gani. Watu walichukuliwa kwa neno la jirani. Walichukuliwa kwa kuwa walipika bugali, kwa kuwa walivusha mtu na mtumbwi. Hilo nalo halijaisha. Vita bado viko kule juu ya Fizi, na kapiteni hakuletwa Uvira kuvua samaki.

Ulipokuja likizo ile na kalamu yako, ukitafuta mtu wa kukueleza maji yalivyotengenezwa, ulizunguka mji mzima na hakuna aliyefungua kinywa. Walikuuliza habari za masomo, wakakupa kiti, wakakupa ndizi, basi. Ukarudi jioni umenuna. Mimi ndiye niliyekuonea huruma. Mimi ndiye niliyesema twende Makobola.

Jina lake sitaliandika hapa. Unalijua, na ulimwita mama mdogo kabla hujaota meno. Mimi na yeye tulijifunza kusoma pamoja kule Lemera, kwenye shule ya misheni, tukilala chini ya blanketi moja kwa ile baridi ya mlimani. Tulipofika kwake aliacha kila kitu. Alitukaangia ndakala, samaki wadogo wa ziwani, akakuweka kwenye kiti cha mume wake. Ulipomweleza unachokitaka alinitazama mimi, si wewe. Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Basi akasema.

Alikueleza kwamba wapiganaji walipofika kijijini waliuliza kuna mama gani aliyezaa mapasa, hao ambao vitabuni mnawaita mapacha. Kwetu mama wa mapasa si mtu wa mzaha. Huitwa kugusa mbegu kabla hazijaenda shambani, huitwa kugusa mtumbwi mpya. Na yeye alizaa mapasa mara mbili. Walipolisikia hilo walicheka kwa furaha, wakasema mikono yake ndiyo itakayomwaga maji. Alikataa. Wakawakalisha wale mapasa wake wakubwa mbele yake, wakamwuliza tena. Kuanzia hapo akawa anamwaga. Najua uliandika maneno yake, maana nimeyakuta ndani ya makala, yamenyooshwa kwa Kifaransa. Mimi nayakumbuka yalivyotoka kinywani: "Nilikuwa ninawamwangia maji, ninaangalia sura moja moja, na nilikuwa ninajua huyu magaribi hatarudia." Kisha akainuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Ulimwapia kwamba jina lake halitatoka. Na kweli halikutoka.

Sasa nije kanisani. Jumapili ile pasta alikupa nafasi baada ya matangazo, kwa kuwa wewe ni fahari ya parokia nzima, na mimi nilikaa na kwaya nimevaa kitambaa changu cha Krismasi. Uligeuza makala yako kwa Kiswahili, ukaisoma kwa sauti ya baba yako, ile inayofika hadi mlangoni bila kupaazwa. Ukafika mahali pale. "Mama mmoja wa pwani, kusini ya Uvira, aliyezaa mapasa mara mbili." Kanisa likanyamaza. Wewe ulidhani wamenyamaza kwa kuwa unasoma vizuri, nikaona unavuta pumzi na kupunguza mwendo ili waonje zaidi. Wanawake wa kwaya walinigeukia mimi, kisha wakaangalia viatu vyao.

Kutoka hapa hadi Makobola, pita Makobola mpaka Baraka, mama huyo ni mmoja. Watoto wanaochunga mbuzi wanamjua. Uliliondoa jina lake la ubatizo, ambalo ndilo Wazungu wangemtafuta nalo, ukaacha kile ambacho sisi tunatafutana nacho. Nani kwetu humwita mama wa watu kwa jina la ubatizo? Mimi mwenyewe niliyelala naye blanketi moja, ukiniamsha ghafla ukaniuliza, itanibidi nifikiri. Ungeliandika hilo jina kwa herufi kubwa juu ya ukurasa wa kwanza, kapiteni angetafuta mpaka achoke. Umesoma mpaka umesahau namna sisi tunavyojuana.

Nilikwambia hayo tulipofika nyumbani, kabla hata sijavua viatu. Ulichukua jarida, ukaniwekea kidole kwenye mstari. Ukasema: "Mama, jina yake haiko. Angalia weye mwenyewe." Nikakuuliza nani hapa asiyemjua mama wa mapasa mara mbili. Ukaanza kunieleza habari za sayansi, kwamba mapasa ndiyo moyo wa makala, kwamba profesa alikusifu hasa kwa sehemu hiyo. Nikakwambia uiondoe, ukamaliza kwa kuniuliza: "Nikitosha ile, kitu gani itabakia?"

"Yeye ndiye atabakia," nikakujibu.

Ulichukua kofia ukatoka. Jioni yake nikasikia ulikuwa kwa pasta, mnapanga lini utasoma tena kwenye parokia ya pili.

Usidhani naongea kama mtu asiyejua utamu wa kuchapwa. Habari yangu ya Lemera unaijua, nimekusimulia tangu ukiwa mdogo. Nilikuwa nafundisha wanawake kusoma, na kati yao alikuwepo mke wa mhunzi, aliyekuja kwa kujificha, mtoto mgongoni, akidanganya nyumbani kwamba anakwenda kutafuta kuni. Siku alipoandika sentensi yake ya kwanza nilifurahi hata nikaiandikia kigazeti cha misheni. Sikutaja jina. Niliandika "mke wa mhunzi", nikaona nimeficha. Mlima ule ulikuwa na mhunzi mmoja. Kigazeti kilipotoka nilikibeba mlima kwa mlima, nikisoma kwa sauti kila nilipopewa kiti, na kila waliposema "soma tena" nilisoma tena. Mumewe alizipata habari kwenye pombe, mbele ya wanaume waliokuwa wakicheka. Yule mama hakurudi darasani. Nilipokutana naye sokoni alipita upande wa pili, na mkono aliokuwa akiandikia ulikuwa umefungwa kitambaa.

Hilo nalo nilikusimulia. Lakini nilikuwa naanza na kigazeti, namna nilivyokibeba na kujidai, nawe ulikuwa unacheka, na mimi nikakuacha ucheke. Ulipokua ukalifanya jina, ukaniita Mama Gazeti mbele ya wenzako wa chuo, nikawapikia chai huku nacheka nanyi. Ningekukatisha siku ile. Ningekwambia kwamba mkono ule ulipona umepinda. Nilipenda kuwa mama anayechekesha, na gharama yake inalipwa Makobola.

Najifunza polepole, lakini hili nimelijua. Neno likiwa bado kwako unaweza kulikalia. Likishachapwa linakwenda lenyewe, na wewe uliyelichapa ndiwe wa mwisho kujua limeingia nyumba gani. Na yule anayelitembeza huku na huku hasikii kitu, kwa kuwa masikio yake yamejaa makofi. Mimi sikusikia. Wewe hukusikia. Tofauti yetu ni kwamba mhunzi hakuwa na bunduki.

Jumatatu watu wa kambini walifika Makobola wakimwuliza mama wa mapasa mara mbili. Mmoja alikuwa na nakala yako mkononi, imekunjwa. Yeye alikuwa shambani. Majirani walisema hawamjui mtu kama huyo, jibu la kijinga, lakini hofu haina majibu mazuri. Wale wakasema watarudi. Mwanawe mkubwa alipiga kasia hadi Uvira, akanikuta pale ufukweni nanunua samaki, akanieleza yote akiwa amesimama ndani ya maji. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Aliniuliza tu kama wewe ulikuwa unajua haya yatatokea, nikamwambia hapana, na sina hakika kama nilisema kweli.

Ulidhani jana nilikwenda mazoezi ya kwaya. Nilikwenda kwake. Tumemwondoa. Alipo sasa sikwambii, na sababu unaijua.

Kabla hajaondoka tulikaa jikoni kwake. Mimi nilitaka usiende. Nilisema nitakuzuia, nitajifanya mgonjwa, nitavunja kitu, ili Ijumaa usizungumze kwenye redio ya Bukavu habari za makala yako, maana Uvira yote inangoja kukusikia, na kapiteni alikuahidi atafungua redio yake. Yeye alikuwa anafunga mzigo, hakuinua hata kichwa. Akasema: "Akinyamaza, watajua iko kitu. Aseme. Aseme kama minye nilisha kufa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Tukaanza kuchagua atakufa kwa nini. Mimi nilipendekeza risasi ya kupotea. Akaikataa: "Mutu wa risasi watamutafutia kaburi. Weka ya kuhara. Kuhara hakuna mutu anaulizaka." Tulicheka, mwanangu. Tulicheka hata tukajiziba midomo kwa vitenge, wanawake wazima, kama tulivyocheka Lemera chini ya blanketi. Kisha akaacha kucheka kabla yangu, na nikaona machozi yanamtoka bila sauti, akiendelea kufunga mzigo.

Basi utasema hivyo. Utasema umeletewa neno kwamba mama aliyekueleza habari za maji amekufa kwa kuhara wiki hii, huko alikokwenda kuona ndugu. Useme mwanzoni, watu wakiwa bado wamekaa. Usingoje mwisho wanapofunga redio wakale. Utalisema tena kule mji mkuu mbele ya maprofesa wako, kwa sababu nao wana rafiki wenye vyeo na vyeo vina simu. Utaliandikia jarida. Na kapiteni umwandikie barua, kwa karatasi nzuri ileile na mwandiko uleule wa heshima kubwa, umshukuru kwa bia na kumwarifu kwa masikitiko. Watu wa Makobola wao watasema siku ile walimkana kwa hofu tu.

Nakusikia ukisema msomi hadanganyi. Nakusikia hata ukiwa unakoroma. Ni kweli, utakuwa umedanganya, na si kwa siri: kwenye redio, kwa jina lako na la baba yako. Siku moja atakuja Makobola mtu mwingine na kalamu, atapata ukweli, ataandika kwamba Byamungu alibuni kifo. Watakucheka. Pengine watakunyima kiti cha kufundisha walichokuahidi chuoni. Mimi naomba kwa Mungu siku hiyo ifike, kwa kuwa ili mtu aje akuite mwongo lazima amkute yeye akiwa hai. Nakutakia uitwe mwongo ukiwa na mvi.

Kuna watakaokwambia nimekuharibia kazi. Mwanzo ulikuwa nayo kazi nzuri. Nimeisoma yote, pamoja na kile Kifaransa chako kinachopenda kutembea na fimbo. Ulieleza jambo ambalo hapa hakuna aliyethubutu kulieleza, kwamba wale watoto walikwenda kufa wakiwa wameloana tu. Ningependa dunia yote iisome. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa hivi: ungekuwa mjinga ningelala.

Nimalize na lililobaki, kisha nizime taa.

Jumamosi kutakuwa na matanga Makobola. Tumekubaliana na watoto wake wakubwa na wazee wa ukoo. Haikuwa rahisi. Shemeji yake alipiga meza, akasema hajawahi kuona watu wakimlilia mtu aliye hai, kwamba ni kumwitia kifo, na kwamba mtoto wangu akipenda kuua watu aue wa kwao. Anayeliliwa mwenyewe ndiye aliyewatumia neno kutoka aliko: "Munilie muzuri." Mikeka itatandikwa, wanawake watanyoa nywele, nami nitanyoa. Mtu wa kambini akipita, akute kilio kinachofanana na kile alichokisikia redioni Ijumaa. Hatukungoja ukubali. Hatuna muda wa kungoja ukubali.

Wanaojua ni wakubwa tu. Wale mapasa wadogo, wale wasichana, hatukuwaambia. Bado ni wadogo, hawawezi kutunza neno, na askari wakija wao ndio watakaoulizwa kwanza. Tumewaambia mama yao alikwenda kuona ndugu. Jumamosi tutawaambia amekufa huko. Watalia kweli, Byamungu. Nitakuwa nimewapakata wote wawili, mmoja kila paja, watanishika shingo, wataniuliza, na sitawaambia.

Ijumaa useme. Usiposema, watoto wale watakuwa wamelia bure.

Mama yako